Hewa Kwanza

Katriji mpya, pale Mwanjelwa, elfu arobaini na nane,
na nauli juu yake.
Ukurasa mmoja hapa kwangu ni shilingi mia mbili.
Piga hesabu mwenyewe, mimi nilishachoka kuipiga.

Mvua ya Tukuyu haina msimu, ina mapumziko tu.
Karatasi zinanyonya ukungu, zinajikunja
kama majani ya chai yaliyochelewa kufika kiwandani,
na printa, hata kabla wino haujaisha,
inakohoa.

Mara ya kwanza nilijaza kwa sindano peke yake,
ile ya kuchanjia ng'ombe, kutoka duka la pembejeo la Mwaikambo.
Nilisukuma kwa pupa.
Wino ukatokea chini, ukatokea ubavuni,
ukaingia kwenye kucha na kukataa sabuni, ukakataa ndimu,
ukakataa mafuta ya taa.
Jumapili nikaipokea meza ya Bwana kwa vidole vya mchawi.
Mke wa mchungaji alivitazama, akavitazama tena.

Mara ya pili nilisukuma taratibu.
Barua ya mwalimu mkuu ikatoka mistari mitano,
wa sita ukapauka,
wa saba ukawa mweupe kabisa, kama ahadi.

Sikulijua kosa langu mpaka mama alipolazwa,
hospitali ya wilaya, kitanda cha dirishani.
Muuguzi Tusekile alitundika chupa ya maji,
akaachia matone matatu yaanguke sakafuni,
akaugonga mpira kwa ukucha: ti, ti, ti.
Kipovu kikapanda.
"Hewa kwanza," akasema, wala hakuwa akisema na mimi.
Mama alikuwa amefumba macho.
Mimi yangu yalikuwa yamefumbuka kuliko siku zote,
na niliona haya,
kwa sababu nilikuwa nawaza wino.

Basi hiki hapa. Kishike, hakiumi.
Mabomba mawili ya mililita ishirini, moja la kunywesha, moja la kunyonya;
mpira wa dripu, urefu wa shubiri, uliokwisha muda wake, Tusekile alinipa;
mwanzi niliouchonga uwe kitanda cha katriji;
kifuniko cha dawa ya macho, kimetobolewa kwa msumari wa moto;
na utepe wa tyubu ya baiskeli, uzibe kando.
Sindano nimeinoa kinyume, juu ya jiwe la mto Kiwira,
mpaka ikasahau kuchoma.

Katriji inalala, mdomo chini.
Bomba la chini ndilo linaloanza: unavuta, husukumi.
Unavuta.
Povu linakuja na masalio ya zamani, rangi ya masizi.
Unagonga: ti, ti, ti.
Halafu la juu unaliachia, wino ushuke kwa uzito wake,
na sifongo ndani inakunywa kama ndama
aliyefunguliwa kamba baada ya watu kumaliza kukamua.
Mililita nane. Ya tisa ni uroho, nayo itakuumbua.

Gwamaka, kijana wangu wa dukani, ameshavunja vitanda vitatu.
Cha nne amekichonga mwenyewe, kimepinda kama jino la mbuzi,
na kinabana kuliko changu.
Sijamwambia.

Kazi ya kwanza ilikuwa tangazo:
NG'OMBE AMEPOTEA, MWEKUNDU, PEMBE MOJA.
Nakala thelathini, nyeusi tii, ya mwisho sawa na ya kwanza.
Ng'ombe hakuonekana.
Lakini mpaka Ushirika walimsoma,
siku mbili nzima, hadi mvua ilipoyabandua matangazo ukutani.

Mama alirudi nyumbani. Anakuja na fimbo yake asubuhi,
anaketi kwenye kreti la soda, ananitazama nikigonga.
"Hiyo unaitibu," anauliza, "au unaiamsha tu?"
Simjibu.
Nimeshika pumzi.
Ukiongea, mkono unatikisika.